Bakshishi ya mkahawani: ni ya mhudumu, ya jikoni au ya mwenye mkahawa?

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullah. Sheikh, mimi ni mhudumu wa mezani katika mkahawa. Wateja wakiacha bakshishi tunaitia kwenye kasha moja pale kaunta, na inayolipwa kwa kadi huingia kwenye akaunti ya mwajiri. Tulielezwa hivyo tangu tulipoajiriwa. Mwisho wa mwezi meneja anagawa: wahudumu, wapishi, waosha vyombo, na yeye mwenyewe anajitengea fungu. Chombo kikivunjika anakata humo humo. Nami kuna wateja hunipa mkononi wakaniambia "hii yako", nikaitia mfukoni nisimwambie mtu. Mwenzangu mmoja anasema bakshishi yote ni haramu, kwa ile hadithi ya mkusanya zaka. Nifafanulie, moyo wangu hautulii.

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Alhamdulillah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na sahaba zake.

Nianze na la mwenzako, maana likiwa sawa hilo, mengine hayana haja ya kuulizwa. Hadithi anayoitaja ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Humayd as-Saaidi. Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akasema: hii yenu, na hii nimezawadiwa mimi. Mtume akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi itamfuata huko. Onyo hilo ni zito na sitaki kulipunguza. Lakini angalia mtu yule alikuwa nani: amebeba mamlaka ya kusema huyu atoe kiasi gani, na aliyemtuma hakumruhusu kupokea. Zawadi pale inaweza kupindisha haki. Wewe umeshamhudumia mteja, bili yake imeshalipwa kamili, na mwajiri wako anajua kwamba mnapewa na ameridhia. Hapo hakuna anayekhiniwa. Basi bakshishi ya namna hiyo ni hiba, yaani kitu anachompa mtu mwenzake bure kwa ridhaa yake, na hiba ni halali.

Itageuka rushwa siku utakapopewa ili umpimie mteja zaidi ya alicholipia, au usahau kwa makusudi kuandika kitu kwenye bili. Hapo mwenzako atakuwa amesema kweli.

Sasa, hiba ni ya nani? Ni ya yule aliyekusudiwa na mtoaji, na kwa madhehebu ya Imamu Shafi anaimiliki akishaipokea. Mteja akikupa mkononi na kusema "hii yako", asili yake ni yako. Ila wewe uliingia kazini kwa sharti kwamba bakshishi inatiwa kasha moja, ukakubali. Waislamu wako juu ya masharti yao, ndivyo alivyotufundisha Mtume katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, na Mwenyezi Mungu amesema mwanzo wa Suratul Maida: "Enyi mlioamini, tekelezeni mikataba." Wenzako wanatoa chao wakitarajia na wewe unatoa. Ukificha noti mfukoni, kisha mwisho wa mwezi ukasimama kupokea fungu la zao, umekula haki yao. Neno la mteja halivunji ahadi yako. Mkitaka ya mkononi iwe ya aliyepewa, semeni hivyo waziwazi na wote waridhie, na haitakuwa na ubaya.

Wahudumu wengi huniuliza: mpishi anaingiaje, na mteja hata hamjui? Mimi naona anaingia kwa haki kubwa. Katika Bukhari, kutoka kwa Abu Hurayra, Mtume ameagiza kwamba mtumishi akikuletea chakula, kama humkalishi mle pamoja, basi mpe tonge moja au mawili, kwa sababu yeye ndiye aliyebeba joto lake na taabu ya kukiandaa. Joto lile limetajwa kuwa ndiyo sababu ya kupewa. Mteja anaposhukuru, anashukuru sahani iliyofika mezani ikiwa moto na safi, na sahani hiyo imepita mikono ya watu ambao hatawaona kamwe.

Kuna pia kisa cha masahaba waliokuwa safarini, mmoja wao akamsomea Al-Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu, wakapewa kundi la kondoo. Mtume akawaambia wagawane, na yeye wamtengee fungu. Imamu Nawawi ameeleza kwamba kugawana kule kulikuwa ni muruwa na ukarimu, vinginevyo mali ilikuwa ya yule aliyesoma. Huo ndio mpaka wenyewe: pasipo makubaliano, kugawa ni wema; yakiwepo makubaliano, ni wajibu.

Mafungu si lazima yalingane. Mnaweza kuhesabu kwa zamu, kwa saa au kwa aina ya kazi, ilimradi kipimo kijulikane kabla ya kasha kufunguliwa, si baada ya.

Kuhusu meneja na mwajiri nitasema bila kuficha. Fedha ya bakshishi iliyoingia kwa kadi ni amana mikononi mwa mwajiri, hata kama imekaa kwenye akaunti yenye jina lake. Mwenyezi Mungu ameamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe (An-Nisaa 4:58). Meneja akiwa anabeba sahani pamoja nanyi, na nyote mmeridhia awe na fungu, achukue. Akijitengea kwa sababu tu ufunguo uko kwake, huo ni ulaji wa mali ya watu kwa batili. Hata nchi zisizohukumu kwa sharia zimeliona hili: Marekani ilipitisha mwaka 2018 marufuku kwa waajiri na mameneja kujitwalia bakshishi za wafanyakazi, na Uingereza, tangu Oktoba 2024, mwajiri hutakiwa kuwapa wafanyakazi bakshishi yote bila kujikatia chake.

Na vyombo? Mwajiriwa ni mwaminiwa, halipi kilichoharibika mkononi mwake ila amefanya makusudi au uzembe. Akiwa mzembe, alipe yeye. Kukata kwenye kasha ni kumtoza mpishi kwa sahani iliyodondoka mezani.

Ukiona kwenye bili imeandikwa tozo ya huduma, hukumu yake inategemea mteja ameambiwa nini. Akielezwa kuwa ni ya wafanyakazi, ni yenu. Ikiwa ni sehemu ya bei, ni mapato ya mwenye mkahawa, lakini asimwache mteja akidhani amewapa nyinyi. Wala bakshishi haiwezi kusimama badala ya mshahara: ujira sharti ujulikane, na hakuna ajuaye bakshishi itakuwa kiasi gani kesho.

Ama zile noti ulizozitia mfukoni, kadiria kwa dhana iliyo karibu zaidi na kweli, uzirudishe kwenye kasha. Hulazimiki kujifedhehesha mbele ya wote, zikishafika zimefika. Ikiwa huna kwa sasa, rudisha kidogo kidogo, au waombe wenzako wakuhalalishie. Aliyekwisha acha kazi na unajua alipo, mfikishie sehemu yake. Usiyeweza kumpata, mtolee sadaka kwa nia yake, na akijitokeza siku moja umlipe. Na mwombeni mwajiri kasha lifunguliwe mbele ya watu wawili, mmoja wa mezani na mmoja wa jikoni, hesabu iandikwe na ibandikwe mahali mnapoiona nyote.

Wallahu a'lam.