Unauliza, unaomba au unadai? Kwa anayeandika barua ya Kiingereza

Ukitaka kutumia "ask" kwenye barua ya Kiingereza, kwanza jiulize ungesemaje kwa Kiswahili. Huo ndio ushauri wangu mkubwa, na nimeupata kwenye kazi. Nachapa na kusahihisha barua za watu kwenye steshenari hapa Mwenge: za kuomba kazi, za kuomba nafasi ya field, za likizo, za kumkumbusha mteja deni, za kuulizia bei ya mashine China. Wengi wanaokuja Kiingereza wanakijua vya kutosha. Tatizo ni kwamba wanaamini "ask" ni neno la shule ya msingi, halifai barua rasmi. Basi wanatafuta visawe vyake kwenye simu, wanaletewa safu nzima: request, enquire, demand, beg, question, interrogate. Wanachukua linaloonekana la kisomi kuliko mengine. "Dada, weka neno zito," wananiambia.

Orodha za namna hiyo ni nzuri kwa anayeyajua maneno tayari. Peter Mark Roget, tabibu Mwingereza aliyechapisha kitabu chake cha visawe London mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa kufuata wazo yanalolibeba, ili mwandishi aliyesahau neno alikumbuke. Kazi ya kueleza lipi linamfaa nani hakuipa orodha yake, na orodha za kwenye simu nazo haziifanyi. Maneno yaliyowekwa mstari mmoja yanaonekana yana uzito mmoja, na hapo ndipo mtu anapopotea.

Kiswahili chetu kimeshaifanya sehemu ngumu ya kazi. Anayeuliza anataka jibu. Anayeomba anataka kitu, au anataka atendewe jambo. Kwetu haya ni maneno mawili tangu utotoni, lakini "ask" inayabeba yote mawili, na maana inajulikana kwa kinachofuata. "She asked me if I was waiting": aliniuliza kama nasubiri. "She asked me to wait": aliniomba nisubiri. "He asked for you": alikuulizia, anataka kukuona. "He asked after you": aliuliza hali yako, salamu tu. Kwa hiyo ukishajua kama unauliza au unaomba, nusu ya sentensi yako ya Kiingereza imeshajipanga.

Neno linaloharibu barua nyingi kuliko yote ni "demand". Hilo ni kudai. Anayedai anasema kitu ni haki yake na hatarajii kukataliwa. Sasa mwanafunzi anaandikia ofisi ambayo haimjui: "I hereby demand a field placement." Alikusudia kuomba kwa heshima kubwa, lakini msomaji anaona mtu aliyeingia bila hodi. Kosa hili nimeliona pia kwa wafanyabiashara wa Kongo wanaofuata mzigo Kariakoo, na wao wana sababu nyingine: kwa Kifaransa "demander" ni kuuliza au kuomba tu, halina ukali wowote. Neno lilipoingia Kiingereza likaota makali.

Makali hayo yana mahali pake. Mwenye nyumba anakuzungusha kurudisha fedha uliyoweka, umeandika mara ya kwanza kwa upole, ukaandika tena, kimya. Hapo "I demand" ni neno halali, na barua ya madai anayoandika wakili inaitwa hivyohivyo, "demand letter". Nisichokubali ni kuanza nalo. Ukishadai kwenye barua ya kwanza, ya pili utaipandishia wapi?

"Request" ndilo rasmi la kuomba, na linafaa. Angalia kitu kimoja tu: likiwa kitenzi halitaki "for". Tunaandika "I request leave" au "I am writing to request leave". Hiyo "for" inakuja likiwa nomino, "my request for leave". Hapa mjini "I request for" imeenea mno, mpaka kwenye matangazo ya ofisi, na bado naifuta kila ninapoikuta. Ukiomba kazi, acha hata hilo la "request", sema "I wish to apply for".

"Enquire" ni kuulizia taarifa: bei, ratiba, nafasi zilizobaki. Ni lile neno la dirisha la "Enquiries", ambalo kwetu limeandikwa Maulizo. Waingereza wengi huandika "enquiry" kwa ulizo la kawaida na "inquiry" kwa uchunguzi rasmi, kama wa tume. Wamarekani hutumia "inquiry" kwa yote.

Mpaka hapo Kiswahili kinakuokoa. Kwenye kuhoji inabidi uwe macho, maana mambo yanageuka. Sisi tunasema mwandishi wa habari amemhoji waziri, polisi wamemhoji mtuhumiwa, wabunge wamehoji matumizi ya fedha. Neno ni moja, ila Kiingereza kinataka matatu. Waziri kwenye redio ni "interviewed". Mtuhumiwa kituoni ni "questioned", na akibanwa sana, kwa saa nyingi, ni "interrogated". Wabunge "questioned" matumizi, yaani wameyatilia shaka. Ndiyo maana "I want to question your price", aliyoandika mteja wangu mmoja kwa muuzaji wa nje, ilikuwa inamwambia muuzaji kwamba bei yake haiaminiki. Alitaka tu kuijua.

Kwa nini Kiingereza kina ngazi hizi? "Ask" ni neno la tangu zamani za Waingereza wenyewe. "Question" limeingia kwa njia ya Kifaransa, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na "interrogate" ni la Kilatini. La nyumbani limebaki la kila siku, ya kuja yamekaa ofisini. Hata kwetu iko hivyo. Uliza ni la Kibantu na linatumika jikoni na sokoni. Saili limetoka Kiarabu, na leo unalikuta kwenye tangazo la kuitwa kwenye usaili. Kwa hiyo hisia ya uzito wa neno unayo tayari, unachohitaji ni kuiamini.

Nakuja kwenye "beg". Dar tunaomba kila kitu. Dukani tunasema naomba maji, na kwenye daladala tunamwambia konda naomba chenji yangu, ingawa chenji ni haki yetu na maji tunayalipia. Naomba hiyo ni adabu, haina unyonge. Ukiandika "I beg" umeivua adabu ukaacha unyonge peke yake. Kiingereza chake ni "Could I have". "Beg" iachie pale ambapo ungesema nakusihi.

Na ukitaka upole zaidi, Kiingereza kinarudi nyuma kwenye wakati uliopita: "I was wondering if you could". Wengi wanadhani hii ni mbinu ngeni ya kukariri, kumbe tunayo: "Bosi, nilikuwa naomba nitoke mapema." Hujamaliza kuomba, unaomba sasa hivi, lakini ile nilikuwa imempa bosi nafasi ya kukataa bila kukuumiza. Itumie kwa mtu asiyewajibika kukusaidia. Kwa aliyekuahidi jibu usijizungushe. Umefanya usaili, tarehe waliyokutajia imepita, andika: "I am writing to ask whether a decision has been made." Ndiyo, "ask" yenyewe. Hapo unauliza, na neno hilo linatosha.