Herufi za KIGOMA, na neno lililojificha humo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha darasa la nne hapa Ujiji. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, naandika herufi sita ubaoni na watoto wanatafuta maneno yanayoweza kutoka humo. Wiki iliyopita nilitoa K, I, G, O, M, A. Usiku wake nilikuwa nimeandaa saba: goma, koma, koga, kima, kimo, iga na mia. Binti mmoja akasimama akataja "mgao", nami sikuwa nalo. Mwingine akaandika "kaka" na ubishi ukazuka mpaka kengele. Nitafuteje ili maneno yasinipite? Tena nimepewa boksi la Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi, ila tukicheza kwa Kiswahili tunakwama haraka.
Mwalimu wa Ujiji, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo binti mpe hongera zangu kutoka Tabora.

Ulichofanya usiku ule ni kuzungusha herufi mojamoja. Kiswahili kinakwenda kwa silabi, na maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu. Kwa hiyo anza na irabu zako tatu, I, O, A, kisha zipachike kwenye K, G na M. Unapata ka, ki, ko. Ga, gi, go. Ma, mi, mo. Silabi tisa tu. Ziunganishe mbilimbili bila kurudia herufi, na hapo kimo, kima, koma, goma na koga vitajileta vyenyewe. Halafu jaribu irabu inayosimama peke yake, mwanzoni au mwishoni: oa, oka, oga, iga, mia, gia, koa.

Sasa rudi kwenye M, maana hapa ndipo ulipoachwa. M yetu ni silabi kamili hata bila irabu. Iweke mbele ya konsonanti nyingine uone: m-gao, m-kia, na m-koa. Mkoa! Neno unaloliandika kwenye kila barua ya kiofisi, "Mkoa wa Kigoma", limo ndani ya jina la Kigoma lenyewe. Nilipoliona nilimwita mjukuu wangu jikoni aje alitazame.

Kuhusu "kaka", herufi iliyotolewa mara moja inatumika mara moja. Maneno matupu hayamalizi ubishi wa watoto, kwa hiyo mimi natumia vizibo vya soda. Nimevikusanya miaka mingi, nimeandika herufi kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani, na vinakaa kwenye kopo la maziwa ya unga. Mtoto akiweka kizibo cha K mezani, akapachika A, anatafuta K ya pili mkononi hana. Amejijibu. Jina la mji wangu ni zuri kwa somo hilo kwa sababu TABORA ina A mbili: bata, bara, raba na taa ni halali, pamoja na bora, toba, toa na bao. Bao linanipendeza zaidi, maana wazee bado wanalicheza chini ya miembe yetu.

Scrabble yako haina kosa, ila imepimwa kwa lugha nyingine. Mmarekani Alfred Butts aliyeibuni miaka ya 1930 alihesabu herufi katika magazeti ya Kiingereza. Ndiyo maana kati ya vipande 100 kuna E 12, lakini K ni moja tu na Z ni moja. Kaka, kuku, kiko, wazazi, huwezi kuyaandika bila kutumia kipande kitupu, kile kisicho na herufi kinachosimama badala ya herufi yoyote. Q na X hazimo kwenye alfabeti yetu, basi zigeuze ziwe K. Mimi ningetengeneza vizibo tu, K na W kwa wingi, A kwa wingi zaidi.

Kabla ya kuanza, kubalianeni neno ni lipi. Goma peke yake inazaa gomea, gomesha, wakagoma, hatujagoma, na mchezo hautakwisha. Mimi nafuata kamusi: kitenzi katika shina lake, nomino katika umoja na wingi.

Kuna njia moja ninayoipenda kuliko zote. Chukua neno, upange herufi zake kwa mfuatano wa a, b, ch. Samaki inakuwa AAIKMS. Masika nayo, ukiipanga, ni AAIKMS ileile! Kwa ninyi wa ziwani hilo neno moja linatosha kumfurahisha mtoto. Bahari na habari zote ni AABHIR. Daftari langu lina mstari wa kusimama katikati ya kila ukurasa: kushoto mpangilio, kulia neno. Kila neno jipya nikilipanga natazama kama mpangilio wake upo tayari, na ukiwepo nimepata pacha. Waachie watoto wenyewe wajaze daftari la darasa, maneno matano kwa siku yanatosha.

Ijumaa ijayo waandikie S, A, F, A, R, I. Wote watasema safari papo hapo. Nyamaza, usiwaambie kwamba kuna farasi humo. Huyo binti wa mgao nadhani atamwona kabla ya kengele.