Maswali Yenu ya Muziki: Hivi Elton John Ameaga Kweli?

SWALI: Shikamoo dada. Huku Tanga tuna kijiwe chetu cha kahawa na wiki iliyopita ubishi ulikuwa mkubwa mno. Mwenzetu mmoja anasema hizi ziara za kuaga za mastaa wa Ulaya na Marekani ni ujanja wa kuuza tiketi tu, mtu anaaga leo, kesho unamuona tena stejini. Akamtaja Elton John, yule mwimbaji na mpiga piano wa Uingereza, eti kaanza kuaga 2018 kamaliza 2023. Kuna kuaga gani kwa miaka mitano? Tusaidie. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba kaka. Mwenzenu ana hoja tena nzito. Cher alianza ziara yake ya kuaga Juni 2002 pale Toronto akaja kuimaliza Aprili 2005 Los Angeles, shoo zaidi ya 300, watu wakalia wakafuta machozi, 2008 huyo yuko Las Vegas na 2014 kaingia tena barabarani. Ozzy Osbourne aliaga 1992, 1995 karudi. Tina Turner alisema 2000 ndo basi, 2008 akarudi kwa ziara ya kusherehekea miaka 50 ya kazi yake, ila yeye baada ya hapo aliacha kweli mpaka anafariki Mei 2023 kule Uswisi. Na Elton mwenyewe ana historia, maana Novemba 1977 alisimama jukwaani Wembley, London, akatangaza kwamba shoo sasa basi, miaka miwili haijaisha yuko Moscow na Leningrad anapiga piano.

Kwahiyo kutilia shaka ni haki yenu. Ila mimi nasema hii ya safari hii ni kuaga kwa kweli, na naomba mnisikilize.

Kwanza angalia alichosema. Januari 2018 aliwaita waandishi New York akawaambia anaacha kusafiri. Hakusema anaacha kuimba wala hakusema anaacha kurekodi, alisema anaacha ziara, yaani ile maisha ya hoteli na ndege na mji mpya kila baada ya siku mbili. Na sababu akaitaja waziwazi, watoto. Yeye na mwenzi wake David Furnish wana watoto wawili wa kiume, Zachary wa 2010 na Elijah wa 2013, akasema anataka awepo nyumbani wanapokua. Alikuwa na miaka 70 wakati huo, na mwaka mmoja kabla alikuwa katibiwa saratani ya tezi dume, halafu akapata maambukizi makali kwenye ziara ya Amerika Kusini yakamlaza hospitali na kidogo yamuue. Mtu aliyepitia hayo akisema nataka kukaa na wanangu, mimi namwamini.

Hiyo miaka mitano sasa. Shoo ya kwanza ilikuwa Allentown, Pennsylvania, tarehe 8 Septemba 2018, na mpango ulikuwa miaka kama mitatu hivi, shoo zaidi ya 300. Februari 2020 akiwa Auckland sauti ikakata katikati ya shoo, alikuwa na nimonia, akainuka kwenye piano analia na watu wake wakamshika mkono kumtoa. Mwezi uliofuata ikaja korona na dunia nzima ikafungwa. Alirudi stejini Januari 2022 New Orleans, na hapo katikati tena nyonga ilishamletea shida mpaka shoo za Ulaya na Uingereza zilizopangwa 2021 zikasogezwa mpaka 2023. Ukitoa hiyo karibu miaka miwili ya kukaa, unabaki na miaka mitatu ile ile aliyoahidi. Kinachoniuma mimi ni kwamba wale watoto alioaga kwa ajili yao walikuwa na miaka 7 na 5 alipotangaza, alipomaliza Stockholm tarehe 8 Julai 2023 walikuwa na 12 na 10. Utoto wao mwingi umeishia humo humo kwenye kuaga.

Halafu kuna kitu ambacho nadhani kijiwe chenu hamkukigusa, nacho ni jinsi alivyoaga bara la Amerika Kaskazini. Huyu ni Mwingereza lakini aliyemfanya staa ni Marekani. Agosti 1970 alikuwa kijana wa miaka 23, akapiga kwenye klabu moja ndogo Los Angeles inaitwa Troubadour, sehemu inayoingia watu mia chache tu, yeye na piano, Dee Murray kwenye besi na Nigel Olsson kwenye ngoma, na kutoka usiku ule jina lake likasambaa nchi nzima. Oktoba 1975 mji ule ule akajaza uwanja wa besiboli wa Dodger siku mbili mfululizo, amevaa jezi ya timu imeshonewa vipande vya kung'aa kila mahali inametameta. Ndo maana shoo zake za mwisho kabisa kwa Amerika Kaskazini, Novemba 17, 19 na 20 mwaka 2022, alizipeleka pale pale Dodger, makumi elfu ya watu kila usiku. Na nani alikuwa kwenye ngoma? Nigel Olsson, yule yule wa Troubadour. 1975 Nigel hakuwepo maana mwaka ule ule aliachishwa kazi yeye na Dee, baadae wakarudishwa, Dee alifariki 1992. Yaani Nigel kaingia nae Marekani wakiwa vijana wakatoka pamoja wakiwa wazee, na kwenye gitaa yupo Davey Johnstone ambae nae yupo tangu mwanzoni mwa miaka ya 70. Elton akamwita jukwaani Bernie Taupin anaemwandikia mashairi tangu 1967, akamleta mwimbaji Kiki Dee wakaimba wimbo waliotoa pamoja 1976, akaleta na familia. Mwisho akavaa gauni la kuogea la rangi za Dodgers, akapanda kalifti kadogo kakamwinua taratibu mpaka juu kwenye skrini kubwa, ukuta ukafunguka akaingia, ukajifunga.

Mtu anaetaka kuuza tiketi tu hahangaiki kumtafuta kila aliyemfikisha hapo amshukuru mbele za watu.

SWALI: Mambo dada, mimi naomba tu kujua habari za hela. Nimesikia alivunja rekodi ya dunia, ni kweli? Na hizo hela zinaenda zote kwake? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Poa. Ni kweli. Shoo 330, tiketi zaidi ya milioni 6, mauzo kama dola milioni 939. Januari 2023 ndo ikawa ziara iliyoingiza pesa nyingi kuliko zote zilizowahi kufanyika, lakini rekodi haikudumu mwaka, Taylor Swift akaipita na kuvuka bilioni moja Desemba ile ile ya 2023. Ukigawanya hapo unapata wastani wa kama dola 155 kwa tiketi, na kwa ziara ya staa wa kiwango kile hiyo sio bei ya kukomoa watu, ingawa waliouziwa na walanguzi walilipa mara kadhaa ya hapo.

Hazendi zote kwake hata kidogo. Milioni 939 ni mauzo ya getini, hapo hujatoa ukumbi, promota, wapiga vyombo, mafundi wa taa na sauti, madereva, bima, hoteli na kodi za kila mji. Anabaki tajiri ndio, hilo tusidanganyane.

SWALI: Dada mimi napiga kinanda kwenye bendi hapa Mwanza, tukienda kupiga shoo wilaya ya jirani tu vyombo vinatutoa jasho, spika zinachelewa, jenereta linagoma. Hawa wanawezaje kupiga Jumanne mji huu na Ijumaa mji mwingine kilomita mia saba na steji ni ile ile? (Mpiga kinanda, Mwanza)

JIBU: Siri ni kwamba steji haijengwi yote na watu wale wale. Kwenye kumbi za ndani kazi ni nafuu, paa lipo tayari, wanafunga taa na skrini asubuhi jioni mnapiga. Ndo maana 2018 na 2019 alizunguka zaidi kwenye kumbi za ndani. Balaa ni viwanja vya wazi, alivyoanza navyo Marekani Julai 2022 pale Philadelphia. Pale lazima usimamishe vyuma vyenyewe kwanza na vinachukua siku kadhaa, kwahiyo ziara kubwa za viwanjani zinakuwa na seti zaidi ya moja ya vyuma, moja inatumika leo huku nyingine inajengwa mji unaofuata na timu nyingine, halafu zinarukana hivyo hivyo mpaka ratiba iishe. Kinachosafiri kila usiku ni taa, skrini, vyombo na piano. Na wabebaji wengi wa mizigo wanaajiriwa pale pale mjini kwa siku ile.

Cha kuiga hapo kaka ni orodha. Kila boksi lina namba, na lililopakiwa mwisho ndo linashuka kwanza. Hilo hata bendi ya watu sita inaliweza, mkijua boksi la nyaya liko wapi nusu ya jasho lenu limepungua.

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi na mume wangu tunaishi Philadelphia, tulienda ile shoo ya Julai 2022 na nilifurahi sana, ila sauti ilinishangaza, ni nzito mno sio ile ya kwenye kanda za baba. Ni uzee? (Mama wawili, Philadelphia)

JIBU: Nzuri dada yangu, na umebahatika kweli. Uzee upo ila chanzo ni 1987, Januari alipasuliwa koo kule Australia, alikuwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti. Alipona lakini ile sauti nyembamba ya juu ya miaka ya 70 ikaondoka moja kwa moja, ikaja hii ya kifuani. Ile iliyoimba kanisani Westminster Abbey, London, kwenye mazishi ya Princess Diana Septemba 1997 ilikuwa tayari ni hii ya baada ya upasuaji. Mimi naipenda zaidi hii, hasa kwenye zile nyimbo za huzuni, unasikia mtu anaejua anachokiimba. Na pale kwenu zile sehemu za juu ni nyinyi watu wa uwanjani mlizibeba, au sio?

SWALI: Assalaam alaykum. Mbona hakuja Afrika? Sisi hatukustahili kuagwa? Nyimbo za ile filamu ya simba watoto wetu wote wanazijua. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Waalaykum salaam. Swali lako limenigusa. Ziara ilipita Amerika Kaskazini, Ulaya, Australia na New Zealand, Afrika hakuna hata mji mmoja. Na kweli muziki wa nyimbo za ile The Lion King ya 1994 ni wake, mashairi ya Tim Rice, na hakuna mtoto wa pwani asiyeimba Hakuna Matata. Mzigo wa viwanjani kuuvusha bahari ni gharama ambayo inahitaji shoo nyingi zilizofuatana karibu karibu ili irudi, na tiketi ya dola mia na kitu kwetu huku tuseme ukweli ingewaacha nje wale wale wanaompenda. Bado naona ni pengo. Mfuko wake wa kupambana na Ukimwi, alioanzisha 1992, umefanya kazi mpaka Kenya, kwahiyo njia ya kuja anaijua.

Ila usisahau na sisi tumewahi kuagwa na wakubwa wetu. Miriam Makeba alitangaza 2005 kwamba anastaafu, akaanza kuzunguka kuaga nchi zilizompokea miaka yote ya uhamishoni, na Novemba 2008 bado alikuwa anaimba, akafariki usiku ule ule baada ya kushuka jukwaani kule Castel Volturno, Italia. Huyo hata mimi siwezi kumwambia ulisema umestaafu.

SWALI: Dada fupi tu, baada ya Stockholm amerudi kwenye ziara au hajarudi? Na ile shoo ya Dodger naipata wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ziara hajarudi. Amerekodi, 2025 katoa albamu na Brandi Carlile na wakapiga shoo moja London kuizindua, na ndicho alichosema tangu 2018, anaacha kusafiri sio kuimba. Macho nayo yamemsumbua, 2024 alipata maambukizi yakamharibia jicho la kulia. Shoo ya Dodger ya tarehe 20 Novemba ilirushwa moja kwa moja na Disney+, ule mtandao wa kulipia wa filamu, ndiyo iliyompa Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, Januari 2024. Ukiipata usimwangalie Elton peke yake, mtafute Nigel nyuma kwenye ngoma, utamjua kwa hedifoni na glavu mikononi.