AI imemeza notsi zangu, nani atanilipa?

SWALI: Habari yako mhariri. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari huku Githurai. Huwa natengeneza notsi za ushairi na isimujamii nauza PDF shilingi hamsini kwa M-Pesa, na wanafunzi wakishanunua wanarushiana WhatsApp mpaka ziko saiti sijui ngapi. Juzi kijana wa Form Four ananionyesha jibu amepewa na programu moja ya AI kuhusu mizani, yaani hesabu ya silabi kwenye shairi, na mfano uliowekwa hapo ni mshororo nilioutunga mimi mwenyewe, "Makanga wa Githurai, chenji yangu nirudishe", neno kwa neno! Hizi kampuni si zinafaa kunilipa ama? — Mwalimu, Githurai

JIBU: Zinafaa Mwalimu, na sisemi hivyo kukufurahisha. Zenyewe zishaanza kulipa, shida ni zinamlipa nani. OpenAI, wenye ChatGPT, iliingia mkataba na shirika la habari la AP mwaka 2023, mwaka huohuo ikaja Axel Springer, wachapishaji wa magazeti wa Ujerumani, 2024 ikawa News Corp, wachapishaji wa magazeti wa Marekani. Sasa huwezi kuniambia maandishi ya mtandaoni ni ya bure na huku mwenye wakili unamwandikia cheki.

Halafu kuna ile kesi waandishi waliipeleka Anthropic, kampuni nyingine ya AI, kortini huko Marekani. Juni 2025 Jaji William Alsup akasema kufunza AI kwa vitabu ulivyonunua ni sawa kisheria, lakini kupakua vitabu vya wizi na kujiwekea maktaba, hiyo hapana. Septemba kampuni ikakubali kuwalipa dola bilioni 1.5, karibu dola 3,000 kwa kila kitabu, yaani kama laki tatu na themanini na kitu za kwetu. Umeshaanza kupiga hesabu eh? Ngoja kwanza usikie masharti, kitabu lazima kiwe kilisajiliwa na ofisi ya hakimiliki ya Marekani ndani ya miaka mitano tangu kichapishwe, sasa niambie mwandishi aliyechapishia vichapishio vidogo vya River Road, Nairobi, angejuaje mambo ya kusajili Washington, hata kama kitabu chake kiko kwenye lile rundo hapati kitu.

Hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inakulinda ukishaandika tu, si lazima usajili, ila bado sajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, siku ya kubishana cheti kinaongea. Mshororo wa makanga ni wako. Kwamba shairi la tarbia lina mishororo minne kila ubeti, hiyo si yako wala si yangu, usidai hapo. Na tuambiane ukweli, wewe pia unachambua riwaya za watu kwenye hizo notsi na hukuomba ruhusa, sheria imekuachia nafasi ya uhakiki. Kampuni nazo zinajitetea karibu hivyohivyo. Mimi tofauti naiona hapa: mtu akisoma uchambuzi wako bado ataitafuta riwaya, lakini akishapewa jibu la bure na AI hiyo hamsini yako ndiyo basi tena.

Kudai peke yako sikushauri, wakili atakula zaidi ya utakachopata. Ukiangalia fotokopi, hakuna mwandishi aliyezunguka na kila mashine pale barabara ya Tom Mboya, Nairobi, kulianzishwa KOPIKEN iwakusanyie waandishi na wachapishaji ada kwa leseni, na kwa AI naona njia ni hiyohiyo, kampuni ilipe mahali pamoja na walimu na wachapishaji wa Kiswahili wadai kama kundi. Ndiyo, mgao unaweza kuwa mdogo hadi ucheke, ila leo ni sufuri.

Kwa sasa shughulika na zile saiti zilizopandisha PDF zako, pengine AI ilizitolea huko. Tangu marekebisho ya 2019 sheria inakuruhusu kumwandikia mtoa huduma wa mtandao aziondoe. Andika jina la kazi, linki, na uthibitisho kwamba ni yako, utume wiki hii kabla shule hazijafungwa na wenye saiti hawajapandisha nyingine.