1151 si 1151: usiilipie hiyo i7

Usilipe. Kama bado hujatuma pesa kwa M-Pesa, usitume. Umeandika kwamba una shilingi 65,000, kwamba umepata prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, Core i7-6700, pamoja na ubao mama wa H110 kwa shilingi 16,000 pale Luthuli Avenue, Nairobi, kwamba kaka yako amekuachia kadi ya grafiki ya RX 580, na kwamba baadaye utabadilisha prosesa peke yake na kuweka ya kizazi cha nane au cha tisa "kwa sababu soketi ni ileile ya 1151" (soketi ni tundu la ubao ambamo prosesa hukaa). Ukauliza pia kama pawasaplai, yaani kifaa kinachoipa kompyuta umeme, ya wati 450 itatosha. Nilipofika kwenye hayo maneno "soketi ni ileile" niliweka kikombe cha chai chini, kwa kuwa hayo ndiyo maneno yaliyonigharimu shilingi 36,000, tena niliambiwa na mtu aliyevaa miwani, jambo lililonifanya nimwamini zaidi.

Ni kweli kwamba prosesa za Intel za kizazi cha sita, zilizotoka mwaka 2015, na zile za kizazi cha nane, zilizoingia kwenye kompyuta za mezani mwaka 2017, zote hukaa kwenye soketi yenye vipini 1151. Ni kweli pia kwamba ukiichukua ya kizazi cha nane ukaiweka kwenye H110 itaingia vizuri, itatulia, na kishikio kitafunga bila kulazimishwa. Hapo ndipo mtego ulipo. Mpangilio wa vipini vinavyopitisha umeme ulibadilishwa, na kizazi cha nane na cha tisa vinahitaji ubao wenye chipuseti (chipu kuu ya ubao) ya mfululizo wa 300, kama vile H310, B360 au Z390. H110 inaishia kizazi cha saba. Habari hii haikuwa siri, kwani ilitangazwa tangu mwanzo. Mimi sikuisoma, na aliyeniuzia ama hakuisoma, ama aliisoma akanyamaza.

Mimi nilinunua i7-6700 na ubao wa H110 mwezi wa Desemba 2020 kwa shilingi 24,000, katika duka la ghorofani karibu na Moi Avenue ambalo sitalitaja. Kwa miezi kadhaa nilijivuna, kwa maana neno i7 lina uzito wake mtu akilitamka mbele ya wenzake. Kisha michezo mipya ikaanza kukwama kila nilipoingia mahali penye watu na magari mengi, huku kadi ya grafiki ikiwa haina kazi nyingi, ikisubiri prosesa imalize hesabu zake. Agosti 2021 nikarudi dukani kwa yuleyule bwana, nikamweleza kwa utaratibu ni ubao gani alioniuzia, naye akanijibu, "Bosi, 1151 ni 1151." Akanitolea Core i5-9400F, ya kizazi cha tisa, kwa shilingi 15,000.

Nilifika nyumbani Umoja, nikaifunga, nikawasha. Feni zilizunguka, taa zikawaka, skrini ikabaki nyeusi kama sufuria ya ugali iliyosahauliwa jikoni. Sasa sikiliza jinsi kosa moja linavyozaa mengine. Herufi F katika jina la prosesa ya Intel humaanisha kwamba haina sehemu yake ya kutoa picha, kwa hiyo nilidhani kadi ndiyo mbovu, nikaipeleka kwa fundi, naye akaipima kwenye kompyuta yake na kuniambia kwamba kadi ni nzima, shilingi 1,500. Fundi huyohuyo akashuku umeme, nikanunua pawasaplai mpya ya shilingi 6,500. Skrini ikabaki nyeusi. Nikaambiwa huenda ni RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta, nikanunua RAM ya shilingi 4,000, na hapo nilikuwa nimeanza kukwepa maswali ya nyumbani. Aliyenisaidia mwishowe alikuwa mwanafunzi wa chuo, jirani yetu, ambaye alisoma namba iliyochapwa kwenye ubao, akafungua ukurasa wa watengenezaji kwenye simu yake, na kwa muda usiozidi dakika mbili akanionyesha kwamba prosesa yangu haikuwa kwenye orodha. Dukani sikurudishiwa hata senti, kwa kuwa kwenye risiti palikuwa pameandikwa kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Nikanunua ubao mwingine wa mfululizo wa 300 kwa shilingi 9,000. Jumlisha mwenyewe. Hiyo i7 ilibaki kwenye droo, na mke wangu aliwahi kuuliza kwa nini biskuti ya bei kubwa namna hiyo haijaliwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata ule ubao wa pili ulikuwa njia isiyo na upande wa kutokea, kwani kizazi cha kumi kilikuwa kimehamia soketi ya LGA1200 tangu mwaka 2020, nami nilikuwa nalipia mwisho wa safari nikidhani ni kituo cha katikati. Binamu yangu wa Kasarani, ambaye nilimcheka kwa kununua prosesa ya AMD, Ryzen 5 2600, na ubao wa B450 mwaka 2019, aliuza prosesa hiyo mwaka 2023, akasasisha BIOS (programu ya ubao inayowasha kompyuta) kwa flashi, akaweka Ryzen 5 5600 kwenye ubao uleule, na jioni hiyohiyo alikuwa anacheza. Sijamcheka tena.

Kwa hiyo kabla hujauliza prosesa ina kasi gani, uliza ubao wake utapokea prosesa gani siku utakapotaka kuibadilisha, na jibu lisitoke mdomoni mwa muuzaji. Litoke kwenye orodha ya prosesa iliyo katika ukurasa wa kampuni iliyotengeneza ubao huo, ambako utaona pia toleo la BIOS linalohitajika. Najua kuna atakayekuja kusema kwamba wapo watu waliobadilisha BIOS na kufunika vipini fulani kwa utepe hadi kizazi cha nane kikawaka kwenye mbao za zamani. Wapo, ni kweli, lakini wewe unaunda kompyuta yako ya kwanza.

Ukiipima i7 hiyo kwa kanuni hii, haina pa kwenda zaidi ya i7-7700K, ambayo nayo ni ya viini vinne, yaani sehemu nne za kufanya hesabu. Isitoshe, orodha rasmi ya Windows 11 kwa prosesa za kawaida za Intel za mezani huanzia kizazi cha nane, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Core i3-12100F ya mwaka 2022 ina viini vinne na nyuzi nane (kazi inazoshika kwa pamoja), sawasawa na i7-6700, lakini kila kiini kinafanya kazi nyingi zaidi kwa wakati uleule, hata i3 inaiacha i7 hiyo nyuma kabisa kwenye michezo. Ukiiweka kwenye ubao wa H610 au B660, baadaye unaweza kupanda hadi kizazi cha kumi na nne baada ya kusasisha BIOS. Angalia tu kama ubao ni wa RAM ya DDR4 au ya DDR5, maana kwa kawaida haupokei zote mbili. Ryzen 5 5600 nayo ina viini sita, na kwenye ubao wa B550 unaweza kuja kuweka prosesa ya Ryzen 7 5800X3D ukiipata kwa bei ya mtumba. Kwa kuwa kadi unayo, kukosa sehemu ya kutoa picha kwa prosesa hizi mbili hakutakusumbua.

Pawasaplai usiibanie, kwani RX 580 peke yake hunywa takriban wati 185, nami ningechukua ya wati 550 ya kampuni inayojulikana badala ya ile 450 inayokuja bure na kasha.

Ukirudi Luthuli, piga picha namba ya ubao wowote utakaoonyeshwa na uiweke hapa kabla ya kulipa. Muuzaji atakuambia kuna mteja mwingine anayekuja kuichukua saa kumi. Mwache aje, na ukikutana naye ngazini, mwonyeshe ujumbe huu.