Usiuze Sahani za Bibi Kabla Hujazigonga kwa Kucha

Bibi alipofariki nilirithi vyombo vya kabati lake la vioo: sahani 11, makombe 2 na bakuli kubwa la maua mekundu. Kwa mapenzi nikaviosha vyote, nikavisugua kwa stilwaya. Sahani tatu zilikuwa na ukingo wa dhahabu. Nilipomaliza, dhahabu yote ilikuwa imetoka na povu, na hairudi tena. Ukiwa na vyombo vya namna hii, osha kwa maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini. Chenye dhahabu usikitie kwenye maikrowevu.

Wengi wakipata sahani ya zamani hukimbilia kuigeuza wasome jina. Mimi siku hizi naanza na mwanga. Inue mbele ya taa, pitisha vidole nyuma yake. Kauri halisi, ile Waingereza waiitayo porcelain, hupenyeza mwanga, utaona kivuli cha vidole, hasa ukingoni palipo pembamba. Chombo cha udongo, hata kiwe cheupe na kimepakwa ung'aavu vipi, hakipenyezi. Kisha ikalishe juu ya ncha za vidole, ugonge ukingo kwa kucha. Kauri nzima hulia kama kengele ndogo, na mlio wake hukawia. Ikitoa sauti butu, tafuta ufa. Mara nyingi upo, mwembamba kama unywele.

Bakuli la bibi halikupenyeza mwanga hata chembe. Chini limeandikwa Société Céramique Maestricht. Hicho ni kiwanda cha mji wa Maastricht, Uholanzi, kilichoanza kutumia jina hilo mwaka 1863. Mjini humo humo Petrus Regout alikuwa na kiwanda chake tangu 1836, na vyombo vyake vingi vina alama ya sphinx, yule simba mwenye kichwa cha mtu. Viwanda hivyo viliungana mwaka 1958. Bakuli na sahani za Maastricht zilifika kwa wingi mwambao wetu na Omani, na bado zimo kwenye makabati ya nyumba nyingi. Ni udongo mzuri, si kauri, na atakayekuuzia kwa bei ya kauri anakupunja. Lakini wapo wanaozikusanya kwa ajili ya maua yake na safari yake, kwa hiyo usizitoe bure.

Sasa geuza usome, ila usiamini kila unachokisoma. Panga mbili za buluu zilizopishana ni alama ya Meissen, Ujerumani, kiwanda kilichoanza mwaka 1710, na ndiyo alama iliyoigwa kuliko nyingi. Neno "England" lilienea baada ya sheria ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1891 kudai nchi itajwe kwenye bidhaa zinazoingia huko. "Made in England" mara nyingi ni ya karne ya 20. Ukiona "Czechoslovakia", haiwezi kuwa ya kabla ya 1918. Maua nayo yaangalie kwa lenzi: vidoti vidogo vilivyopangana ni chapa ya mashine, mikwaruzo ya brashi isiyolingana ni mkono wa mtu.

Kwenye bei ndipo watu huumia. Bei anayoitaka muuzaji mtandaoni haikwambii kitu. Tafuta vilivyokwisha kuuzwa, vya muundo ule ule na hali ile ile. Seti kubwa za chakula cha jioni zimeshuka bei sana Ulaya kwa sababu vijana hawana pa kuziweka. Mara nyingi buli au bakuli la supu lenye mfuniko wake huleta zaidi ya sahani kadhaa. Pengo dogo ukingoni hushusha thamani kuliko watu wanavyodhani, na gundi ya kuficha ufa hushusha zaidi. Mnunuzi akikuharakisha, mwambie arudi wiki ijayo.

Jambo jingine la nyumbani: rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na uchachu huyatoa. Achari, ndimu na ukwaju visilale humo.

Bakuli lile sikuliuza. Ndani yake nimeweka karatasi yenye jina la bibi, nyumba aliyokaa, na kwamba biriani ya Idi ilipakuliwa humo. Sahani nazo nimeziandikia karatasi, hata zile tatu zisizo na dhahabu.