Vyumba Vitatu Vinatosha Kuijaribu Injini ya Hadithi Shirikishi

Ukitaka kujua kama injini ya michezo ya maandishi, yaani programu ya kuitengenezea, inakufaa, usianze na ule mchezo mkubwa ulio nao kichwani. Tengeneza mdogo, wa kumalizika kwa dakika chache, kisha uuandike huohuo katika kila injini unayoifikiria. Mimi hufanya hivyo kila nikikutana na injini mpya, na kielelezo changu ni mchezo mdogo uitwao Cloak of Darkness, alioubuni Roger Firth mwaka 1999 kwa kazi hiyohiyo. Umekwisha kuandikwa kwa injini za Inform, TADS, Hugo na nyingine nyingi, hivyo unaweza kulinganisha msimbo kwa msimbo.

Tuko kwenye jumba la opera: ukumbi wa kuingilia, chumba cha kuwekea makoti, na baa. Mchezaji amevaa joho jeusi linalomeza mwanga, kwa hiyo akiingia nalo baa haoni kitu. Sharti alitundike kwenye kulabu, ndipo arudi asome ujumbe ulioandikwa kwenye vumbi la mbao sakafuni. Akipapasapapasa gizani, anauvuruga.

Hakuna kilichowekwa kwa mapambo. Giza linategemea alichovaa mchezaji, si swichi ya chumba. Vumbi linahesabu kimyakimya ni mara ngapi limevurugwa. Njia ya kaskazini ipo, ila inamkatalia kupita kwa jibu lake yenyewe. Nami napima hivyohivyo: kitu kisichoilazimisha injini kufanya jambo jipya, nakitoa.

Katika Twine, ambako mchezaji anabofya viungo badala ya kuandika amri, fumbo lote linageuka, maana kiungo cha "Tundika joho" kinampa jibu kabla hajawaza. Hiyo si kasoro ya Twine, lakini ni vizuri kuijua kabla hujaandika sura kumi.

Kwetu tunaoandika kwa Kiswahili kuna jaribio jingine, na hili nalipa uzito kuliko yote. Weka vitu vya ngeli tofauti: joho, ufunguo, kisanduku, taa. Injini zilizojengwa juu ya Kiingereza huwa na jibu moja lenye pengo la jina, na ukilitafsiri hivyohivyo utapata "mlango kimefungwa." Kila kitu kinapaswa kubeba ngeli yake, na jibu lichukue kiambishi kutoka hapo: kisanduku kimefungwa, mlango umefungwa, madirisha yamefungwa. Kisha jaribu amri kama watu wanavyoziandika. Mchezaji ataandika "vua joho," halafu "litundike." Je, injini itaona kwamba joho limo ndani ya kitenzi? Akiandika "weka taa mezani," itajua kwamba ni ile meza? Injini isiyoniruhusu kuifungua sehemu inayosoma amri na kuirekebisha naiachia hapo, hata iwe na sura nzuri namna gani.

Kabla ya kuandika msimbo wowote, andika amri zote kwenye karatasi, kila moja na jibu unalolitarajia, ukianza na zile za kijinga: kula kulabu, vaa ukumbi, amri tupu. Zipitishe zilezile kila mahali. Mwishoni hifadhi mchezo ukiwa gizani, baada ya kuuvuruga ujumbe mara moja, funga programu, uifungue tena, uone kama hesabu ya vumbi imebaki palepale.